Kubadilisha Rejeta Nyumbani: Mwongozo kwa Wenye Magari Madogo Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yale yale. Rejeta yoyote ya IST inaingia kwenye IST yangu? Lazima nitoe bampa? Maji ya bomba yana ubaya gani? Na lile linaloulizwa kuliko yote: nimefunga rejeta mpya, mbona gari bado linachemsha? Nayajibu yote hapa kwa pamoja, kwa ajili ya mtu mwenye gari dogo la petroli la Kijapani, kama IST, Vitz, Corolla au Premio. Magari ya dizeli na ya Ulaya yana mambo yao, ingawa mengi ya humu yatakufaa.

Kazi hii ni ya nusu siku kwa mtu anayeanza. Kufungua na kufunga boliti si kugumu. Injini nyingi zinaungua kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani baada ya kujaza maji, halafu mwenye gari akaondoka hivyo hivyo kwenda kupanda mlima wa Kitonga. Kwa hiyo hatua ya 10 na ya 11 nimeziandika kwa urefu. Usiziruke hata kama giza linaingia. Heri gari lilale hapo hapo.

Kwanza hakikisha rejeta ndiyo mgonjwa

Gari likiwa limepoa, fungua boneti uangalie pale tanki la plastiki linapokutana na alumini. Ukiona ukoko mkavu wa pinki, kijani au mweupe, hapo panavuja. Plastiki ya juu iliyogeuka rangi ya kahawia na kuanza kuwa na nyufa ndogo imeshachoka, hata kama haijavuja bado. Pitisha kidole taratibu kwenye yale masega membamba ya alumini: yakimeguka kama unga, rejeta imekwisha.

Halafu chungulia kati ya rejeta na kondensa ya AC iliyo mbele yake. Ukitembea barabara za vumbi, mahali hapo hujaa udongo, wadudu na mbegu za majani, na hewa haipiti. Osha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, ukitokea upande wa injini kwenda mbele, uone kama tatizo linaisha. Wapo waliotupa rejeta nzima kwa kukosa kufanya usafi huu.

Na kama kila asubuhi maji yamepungua bila tone kuonekana chini, au oili kwenye kijiti imekuwa kama maziwa, usinunue rejeta. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua.

Kwa nini huku kwetu rejeta dhaifu haijifichi

Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Injini yenyewe hufanya kazi karibu kabisa na joto hilo. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta: ukiwa mzima unabana presha ndani, na maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mfuniko uliolegea mpira unaweza usikusumbue Dar es Salaam, lakini toka Kyela, kwenye mita 500 hivi, ukaipande barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000, injini ikivuta kwa gia nzito na upepo ni kidogo. Hapo utaujua. Ndiyo maana nasema rejeta mpya inunuliwe pamoja na mfuniko mpya, wenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu ya ule wa zamani au kwenye kitabu cha gari. Usiweke wenye namba kubwa zaidi ukidhani unaboresha. Unaipa mipira inayopitisha maji presha isiyotengenezwa kuibeba.

Andaa hivi kabla ya kugusa spana

Rejeta yenyewe kwanza. Usiende dukani Mwanjelwa na kusema tu "nataka ya IST". Piga picha kile kibati chenye namba ya chesisi, modeli na injini, kisha sema kama gari ni la oto au manyuo. Rejeta ya gari la oto ina midomo miwili midogo ya ziada chini, ya kupoza oili ya gia boksi. Ya manyuo haina. Ukiuziwa ya manyuo kwa gari la oto hutakuwa na pa kuunganisha ile mipira miwili, na gia boksi isiyopozwa itaungua.

Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini: gari la cc 1,300 hadi 1,500 huchukua takriban lita 5 mfumo mzima. Kwa Toyota tumia ile ya pinki au nyekundu iliyoandikwa kuwa inafaa magari hayo, na usichanganye rangi kwa kubahatisha. Ile iliyochanganywa tayari kiwandani huwekwa ilivyo. Iliyo nzito unaichanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Maji hayo huuzwa kwenye maduka ya betri, na hapa naomba uwe makini: baadhi ya wauzaji huita "maji ya betri" vitu viwili tofauti, maji na asidi. Soma chupa. Asidi ikiingia kwenye injini ya alumini umeiua.

Maji ya bomba au ya mtoni hufanya kazi siku ile ile unayoyaweka, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini huacha magaga na kutu ndani, na mirija ya rejeta ni myembamba mno kuvumilia magaga. Tena kwa wa Makete, Njombe na Mufindi, ambako Juni na Julai asubuhi unakuta barafu juu ya majani, maji matupu yanaweza kuganda ndani ya injini na kupasua vitu. Kulanti haigandi kwa baridi ya huko.

Vingine: soketi namba 10, 12 na 14 na ekstensheni yake, bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, jeki, stendi mbili za jeki, mawe ya kuzuia matairi ya nyuma, beseni pana, madumu mawili matupu, faneli, matambara, glavu, na kipande cha kadibodi kikubwa kama rejeta. Kama gari ni la oto, ongeza lita moja ya oili ya gia boksi ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti chake cha kupimia au kwenye kitabu. Mipira ya juu na ya chini ikiwa migumu kama mti au ina nyufa mwishoni, nunua mipya na klempu zake. Mipira ni nafuu kuliko injini.

Kazi yenyewe

1. Anza gari likiwa limelala usiku mzima. Egesha sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya matairi. Msimu wa baridi subiri hadi saa nne jua liwe limepasha joto, kwa sababu plastiki ya zamani na mipira iliyokakamaa kwa baridi hupasuka kirahisi.

   Onyo: usifungue mfuniko wa rejeta ya moto, hata kama unalo tambara zito. Maji yaliyobanwa presha yakipata upenyo hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na uso wako ndio uko juu yake.

2. Toa waya wa hasi wa betri. Feni za baadhi ya magari zinaweza kujiwasha hata funguo ikiwa imetolewa, na vidole vyako vitakuwa hapo hapo.

3. Inua mbele kwa jeki, weka stendi mahali palipoandaliwa kwenye fremu, lishushe gari likae juu ya stendi, kisha litikise kwa mkono kabla ya kuingia chini. Tofali halifai, hata lile la kuchoma. Linavunjika ghafla bila kutoa dalili.

4. Toa kava la plastiki la chini kama lipo, weka beseni, fungua koki ya plastiki iliyo chini ya rejeta. Ifungue kwa mkono au kwa plaizi bila nguvu. Maji yakianza kutoka, fungua mfuniko wa juu yashuke haraka. Yamimine kwenye dumu uyapime. Ukijua zimetoka lita ngapi, utajua baadaye kama zimeingia zote au kuna hewa imekalia nafasi yake.

   Kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa atainywa, mtoto ataionja. Isikae kwenye beseni wazi uani, isimwagwe mtaroni wala shambani. Funga dumu, liandike, ulipeleke gereji wanakokusanya oili chafu na uwaulize kama wanapokea.

5. Piga picha kila kitu kutoka juu: mipira inapopita, plagi za feni, klipu zilivyoelekea. Halafu toa kava la juu, mpira wa tanki la akiba, mpira wa juu na wa chini. Mpira ukigoma, uzungushe kushoto na kulia hadi uachie. Usiuchokonoe kwa bisibisi, mdomo wa plastiki utakatika. Kama una mpya, ukate kwa urefu na kisu uuvue.

6. Gari la oto: tafuta ile mipira miwili midogo upande wa chini. Weka chombo safi, ivue mmoja mmoja, na uzibe kila mwisho kwa boliti safi inayoenea. Itatoka oili kidogo tu. Pima iliyotoka. Mchanga usiingie humo hata chembe.

7. Chomoa plagi za feni kwa kubonyeza kilimi chake, usivute waya. Fungua vishikizo viwili vya juu. Kwenye magari mengi ya aina hii rejeta hutoka kwa juu ikiwa na feni zake na bampa halisogei. Machache yanadai utoe bampa au feni kwanza. Inyanyue wima polepole. Chini imekalia vipira viwili. Hakikisha vimebaki kwenye fremu, au vimetoka na rejeta uvirudishe.

   Mabomba ya AC usiyaguse kabisa. Kondensa inabaki mahali pake, na gesi iliyomo ina presha ya kuumiza.

8. Laza rejeta mbili chini sambamba, kwenye gunia au nailoni safi. Hapa usiharakishe. Linganisha midomo, unene, matundu ya boliti za feni, vishikizo vya juu, vijiti vya chini na midomo ya oili. Tofauti ya sentimita moja kwenye kishikizo itakulazimisha uibane rejeta kwa nguvu, na rejeta iliyobanwa hupasuka kwa mtikisiko wa barabara. Haifanani? Irudishe dukani ikiwa bado safi.

   Ikifanana, hamisha feni na kava lake. Boliti zinazoingia kwenye plastiki zikaze mpaka zishike, basi. Kisha toa vizibo vya plastiki vya kiwandani kwenye midomo yote ya rejeta mpya. Kizibo cha rangi nyeusi kwenye mdomo mweusi hakionekani vizuri, na watu hufunga mpira juu yake.

9. Weka kadibodi mbele ya kondensa, shusha rejeta mpya ikiteleza juu yake, halafu ivute kadibodi. Bila hiyo, ncha za boliti zitalaza masega. Sikia vijiti vya chini vimekaa kwenye vipira, ndipo ufunge vishikizo vya juu, boliti zote kwanza kwa vidole. Rudisha mipira mpaka mwisho wa shingo, klempu ikae nyuma ya ule ukingo ulionyanyuka na si juu yake. Rudisha mipira ya oili, plagi za feni, koki ya chini. Shusha gari, rudisha waya wa betri.

10. Jaza. Mimina kulanti polepole, mkondo mwembamba, huku ukibonyeza mpira wa juu na wa chini kwa mkono. Utasikia kwikwi za hewa na usawa utashuka, ongeza. Endelea mpaka pasiwe na mapovu na maji yafike shingoni. Tanki la akiba lijaze kati ya alama ya chini na ya juu. Linganisha na kipimo cha hatua ya 4. Zilitoka lita 4 na zimeingia 3 tu? Lita nzima ya hewa imo ndani, kazi bado.

11. Kutoa hewa. Sogeza gari pua iangalie mlimani. Kwa kuwa sehemu nyingi huku ni miinuko, hutakosa mahali. Mfuniko uwe wazi. Washa hita ya ndani, joto la juu kabisa, feni yake taratibu, ili njia ya maji ya hita ifunguke. Washa injini iache ingurume yenyewe.

    Dakika za mwanzo mpira wa juu utakuwa wa baridi, kwa sababu themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imefunga. Kwenye Toyota ndogo nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikifunguka utauona usawa wa maji ukishuka ghafla na mapovu yakipanda, na mpira wa juu utakuwa wa moto. Ongeza kulanti. Bonyeza mpira wa juu kwa glavu, mara kadhaa. Kanyaga akseleta mpaka mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, shikilia kidogo, achia. Maji yakitaka kumwagika, yaache yatulie. Rudia mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe mara mbili, na hakuna povu tena.

    Kipimo cha kuaminika ni hita. Weka mkono kwenye tundu la dashibodi: hewa ikiwa ya moto mfululizo injini ikinguruma taratibu, maji yanazunguka kote. Ikitoka vuguvugu halafu baridi, bado kuna hewa. Ukimaliza, funga mfuniko mpya mpaka mwisho.

    Usikae juu ya rejeta ukichungulia, na usiache nguo yenye mikono mipana karibu na feni.

12. Jaribu. Zunguka mtaani tambarare, rudi, angalia chini kama kuna tone. Kwa oto, pima oili ya gia boksi injini ikinguruma na gari likiwa na joto, kama kijiti kipo; rudishia kiasi kilichotoka. Acha gari lilale. Asubuhi fungua mfuniko: karibu kila mara maji yamepungua kidogo, ongeza. Baada ya hapo ndipo ujaribu mlima mfupi ulio karibu, na Kitonga au Kawetere ije siku nyingine.

Jambo moja kuhusu themostati. Kuna desturi huku ya kuitoa kabisa ili "gari lisichemshe". Sikubaliani nayo hata kidogo. Kwenye baridi ya Iringa na Mbeya injini isiyo na themostati haifikii joto lake, inakula mafuta zaidi, inachakaa haraka, na hita haifanyi kazi. Kama ni mbovu weka mpya, wakati huu huu ambapo maji yameshamwagwa.

Ikileta shida baadaye

Joto linapanda gari likisimama na kushuka likitembea: tatizo ni feni. Washa AC, kwenye Toyota nyingi feni lazima iwake. Isipowaka, angalia plagi uliyochomoa, kisha fyuzi na rilei. Ikiwaka, shika karatasi nyembamba mbele ya grili. Inapaswa kuvutwa kuelekea ndani. Ikisukumwa nje, waya zimegeuzwa.

Tambarare liko sawa, mlimani linapanda: rudia hatua ya 11. Likiendelea, themostati, au uchafu kwenye kondensa, au rejeta nyembamba kuliko ya awali. Vitz nyingi hazina geji ya joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka tayari umechelewa. Wenye gari la namna hiyo wanaopanda milima mara kwa mara wanunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoonyesha joto kwenye simu.

Mpira wa juu unajikunja na kubanana injini ikipoa: mfuniko haurudishi maji kutoka tanki la akiba. Badilisha mfuniko.

Tone kwenye koki ya chini: o-ringi, kile kipira cha mviringo cha kuzibia, imekaa vibaya. Mwaga kidogo, ifute, irudishe. Usizidishe kukaza. Unga au dawa ya kuziba matundu usiweke kwenye rejeta mpya. Huziba pia mirija ya hita.

Mapovu hayaishi hata baada ya nusu saa, au moshi mweupe mzito unaendelea injini ikiwa na joto: gasketi ya silinda hedi. Zima, usijaribu "kufika nalo tu".

Oili ya gia boksi imekuwa ya pinki yenye povu kama maziwa ya stroberi: rejeta ya zamani ilipasuka kwa ndani na maji yameingia kwenye gia boksi. Rejeta mpya peke yake haitoshi, gia boksi inabidi isafishwe oili yote kabla gari halijatembea tena. Na likipelekwa kwa fundi lipakiwe kwenye gari la kubebea, au linyanyuliwe matairi ya mbele. Lisivutwe kwa kamba matairi ya mbele yakizunguka chini.